Mawe ya Kyela yasikose anuani

Kwa muda mrefu imekuwa desturi yetu sisi walimu, tunapotaka kuwapeleka wanafunzi safari ya mafunzo, kufikiria kwanza mbuga ya wanyama, kisha bandari, kisha kiwanda. Mbuga iko mbali, kiwanda kinataka barua tatu za kibali, na nauli haipatikani; basi safari inaahirishwa mpaka mwaka ujao, na mwaka ujao nao unafika na udhuru wake. Nimefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na udhuru huo nimeuandika mara nyingi kwa mkono wangu mwenyewe. Leo, nikiwa mstaafu, napenda kuzungumza na walimu wenzangu, pamoja na ndugu zetu watumishi wa Serikali katika ofisi za wilaya, juu ya safari isiyohitaji mbuga wala kiwanda: safari ya siku moja, sehemu kubwa kwa miguu, ya kutafuta visukuku na kutembea ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Visukuku, kwa asiyepata kulisikia neno hilo, ni mabaki au alama za mimea na wanyama wa kale zilizohifadhiwa ndani ya miamba, mara nyingi baada ya kugeuka kuwa mawe zenyewe. Mfupa unaweza kuwa kisukuku, na gamba la konokono, na hata unyayo uliokanyaga tope likakauka. Neno lenyewe limo katika kamusi zetu. Lililo haba ni mtu wa kulitumia.

Mwalimu mmoja kijana, anayefundisha Jiografia katika shule moja ya sekondari wilayani Kyela, alinialika niandamane na wanafunzi wake ishirini na wawili wa kidato cha tatu, Jumamosi moja ya mwezi Agosti. Wazazi walichanga nauli ya basi dogo la kukodi. Mama mmoja alitoa wali wa mchele wetu wa Kyela, ambao hauhitaji sifa yangu, na samaki wa kukaanga. Tuliondoka alfajiri kuelekea magharibi, kwenye vilima vya makaa ya mawe vilivyo katika mpaka wa Kyela na Ileje, tukikusudia kufika Matema mchana.

Mguuni mwa kilima tulimkuta mzee akipalilia. Tukamwamkia, "Mughonile", akaitika kwa adabu, kisha akauliza kama tunatafuta dhahabu. Mwalimu akamjibu kwamba tunatafuta majani. Mzee aliegemea jembe lake akacheka mpaka akafuta machozi. "Majani, Mwalimu? Na ninyi mmeyapita yote haya njiani?" Lakini tulipomweleza kwamba ni majani yaliyolala ndani ya mawe, kicheko kilikoma. Akasema kwamba walipokuwa watoto, wakichunga ng'ombe, waliyaona mawe ya namna hiyo katika kingo za kijito, wakayarusha majini ili waone yatadunda mara ngapi. Akaacha jembe akatuongoza mwenyewe.

Ukingo wa kijito kile ulikuwa na matabaka yanayoonekana wazi kama kurasa za kitabu kilichofungwa: tabaka la mchanga mgumu, tabaka la tope lililogeuka mwamba wa kijivu, utepe mweusi wa makaa, kisha mwamba wa kijivu tena. Tuliwakataza wanafunzi kuchimba. Waliruhusiwa kutazama tu vipande vilivyoanguka vyenyewe. Kwa karibu saa nzima hawakuona kitu, na baadhi walianza kuchoka na kurushiana vijiwe. Kisha binti mmoja, mkimya, ambaye mwalimu aliniambia baadaye kwamba huwa haulizi swali darasani, alitugeuzia kipande cha mwamba chenye ukubwa wa daftari. Juu yake kulikuwa na alama ya jani: mshipa mmoja mkubwa katikati, na mishipa midogo ikitoka pande zote mbili na kuungana kama nyavu. Ishirini na wawili walikusanyika, wala hapakuwa na sauti.

Nitasema kidogo juu ya jani la namna hiyo, kwa kuwa liko ndani ya uwezo wa mwalimu yeyote kulifundisha. Makaa ya mawe tunayochoma ni misitu. Zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, nchi hizi zilikuwa sehemu ya bara moja kubwa lililounganisha Afrika, India, Australia, Amerika ya Kusini na Antaktiki. Katika mabwawa ya bara hilo ilistawi miti ambayo wataalamu waliipa jina la Glossopteris, maana yake ni jani lililo kama ulimi. Miti hiyo ilikufa, ikazama katika tope, ikafunikwa, ikakandamizwa, ikawa makaa. Alama za majani yake zinapatikana leo katika mabara yote hayo, na ni moja ya hoja zilizowaongoza wanasayansi kukubali kwamba mabara yaliwahi kuwa pamoja kisha yakaachana. Mwaka 1912 Mwingereza Robert Scott na wenzake walipokufa kwa baridi na njaa wakirudi kutoka Ncha ya Kusini, walikutwa na mawe ya uzito wa kilo 16 hivi ambayo hawakukubali kuyatupa, ingawa kila gramu ilikuwa mzigo. Ndani ya mawe hayo mlikuwa na majani ya Glossopteris. Watu wale waliburuta mawe hayo mpaka kifo, na sisi tuliyadundisha majini.

Nasema "sisi" kwa sababu nina deni langu binafsi.

Katika miaka ya 1980, nikiwa mwalimu kijana, mwanafunzi wangu mmoja aliyetoka upande huo wa vilima aliniletea jiwe la kijivu lenye alama ya jani refu kama kiganja. Nililifurahia sana. Nililiweka mezani likazuia karatasi zisipeperuke, na wageni walipofika niliwaonyesha. Sikumwuliza yule kijana alilitoa wapi, kijito gani, tabaka gani, wala sikuandika jina lake nyuma ya jiwe. Siku moja mgeni aliyepita shuleni akalisifu, nami kwa ukarimu wetu nikampa; yeye akanipa kalamu mbili. Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za miti hiyo, nikamtafuta mwanafunzi wangu niende naye mahali pale. Alikuwa amekwisha kuhama, na sikumpata tena. Kalamu zilikwisha wino katika muhula mmoja.

Kupotea kwa jiwe si msiba mkubwa. Pengine yako mengine elfu katika ukingo ule. Kosa langu lilikuwa kwamba hata wakati jiwe liko mezani pangu, lilikuwa limekwisha kupotea. Kisukuku kisichojulikana kilipotoka ni sawa na barua isiyo na anuani wala sahihi. Mtu anaweza kuisifu mwandiko wake, lakini hawezi kujua imetoka kwa nani wala ilikuwa na habari gani.

Tazameni mfano wa upande wetu huu huu wa ziwa. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Kiingereza, Rex Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alikusanya mifupa katika bonde la mto Ruhuhu, ule unaoingia Ziwa Nyasa karibu na Manda. Baadhi ya mifupa hiyo, mfupa wa mkono na vipande vya uti wa mgongo, ililala katika masanduku ya makumbusho kwa miaka mingi. Mtaalamu mwingine, Alan Charig, aliichunguza, akaipa jina la Nyasasaurus, lakini alifariki mwaka 1997 bila kutoa maelezo kamili. Hatimaye, Desemba 2012, wenzake walichapisha maelezo hayo na kuliweka jina la marehemu miongoni mwa waandishi. Walionyesha kwamba mnyama huyo aliishi yapata miaka milioni 243 iliyopita, na kwamba huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana duniani, au kama siye, ni ndugu yao wa karibu kabisa. Mifupa ilikaa gizani karibu miaka themanini, na bado ilipotolewa iliweza kusema. Iliweza kwa sababu kila mfupa ulikuwa na kibandiko kilichotaja mahali ulipookotwa. Ziwa Nyasa limeingia katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima kwa nguvu ya vipande vya karatasi.

Masikitiko yangu ni kwamba mifupa hiyo iko London, na mingine inayohusiana nayo iko Cape Town. Lakini masikitiko bila kazi ni kelele, na nitarudi kwenye jambo hilo.

Tulipoondoka vilimani jua lilikuwa limepanda. Njia ya kutoka magharibi kwenda Matema inavuka mito: Kiwira, Mbaka, kisha Lufilyo. Kila tulipofika darajani mwalimu alisimamisha basi na kuwaambia wanafunzi watazame rangi ya maji. Hilo lilikuwa somo zuri kuliko lolote nililolitoa mimi katika miaka yangu ya kazi. Watoto wa Kyela wanaijua mito hiyo kwa mafuriko yake: mpunga uliozama, nyumba zilizoingia maji, bandari ya Itungi ilivyosumbuliwa na mchanga na tope. Lakini kisukuku hakitengenezwi bila tope. Samaki akifa juu ya maji ataliwa na ndege, na ng'ombe akifa malishoni atatafunwa na fisi, jua na mvua zitamaliza mifupa. Akifukiwa mara moja na mchanga laini unaoletwa na mafuriko, hapo ndipo mifupa yake inapopata nafasi ya kudumu. Bonde lote la Kyela ni tope na mchanga ulioshushwa kutoka Rungwe, Ileje na milima ya mashariki. Kijana mmoja akauliza kama mbasa aliyefukiwa leo mdomoni mwa Lufilyo anaweza kuwa kisukuku. Mwalimu akajibu: ndiyo, kama hutamvua kwanza.

Matema tulikuta siku ya soko la Lyulilo. Wanaolijua soko hilo wanajua kwamba sura yake ni vyungu: vyungu vya Wakisi, vinavyofinyangwa na akina mama wa Ikombe na kuletwa kwa mitumbwi, vimefungwa kwa nyasi na kupangwa ufukweni. Baada ya kula, tulitembea kwa miguu kufuata ufuko kuelekea Ikombe, milima ya Livingstone ikiwa kushoto na maji kulia. Hapo swali nililolitegemea tangu asubuhi likaja: "Mwalimu, katika majabali haya mna mifupa ya dinosaria?"

Jibu ni hapana. Nasisitiza jambo hilo kwa sababu nimewasikia hata watu wazima wakidai kwamba penye jabali kubwa na la kutisha ndipo penye mifupa mikubwa. Miamba ya milima ile ni ya kale mno kuliko mnyama yeyote mwenye mifupa, tena imepikwa kwa joto na kukandamizwa chini ya ardhi mpaka madini yake yakajipanga mistari mistari. Hata kama mlikuwa na kitu ndani yake, kiliungua. Mtafuta visukuku hodari anajua kwanza mahali pa kutokutafuta. Mahali hapo pana fundisho jingine: milima inasimama wima kutoka majini kwa sababu ardhi ilipasuka, upande mmoja ukainuka na mwingine ukadidimia, na nyufa za namna hiyo ndizo zilizotengeneza Bonde la Ufa na ziwa lenyewe, ambalo kina chake katika sehemu nyingine kinafika mita 700 hivi.

Na ziwa hilo halikuwa hivi siku zote. Mwaka 2005 wanasayansi walitoboa sakafu yake upande wa Malawi wakatoa nguzo ndefu za tope lililojipanga mwaka kwa mwaka. Walipolisoma tope hilo walikuta kwamba, kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, kulikuwa na vipindi vya ukame mkali hata maji yakashuka kwa zaidi ya mita 500. Niliwaambia wanafunzi wafumbe macho na kuwazia ufuko ule ukiwa umerudi mbali sana na chini sana, na mbele yetu nchi kavu yenye vichaka. Wengine walifumba. Wawili walikuwa wanatazama mtumbwi.

Njiani kijana mmoja aliokota kigae cha chungu katikati ya kokoto, kimesuguliwa kingo na mawimbi, akakileta akipiga kelele kwamba amepata kitu cha kale. Mimi, mwalimu wa miaka thelathini, nilikigeuza geuza nikasema huenda ni kweli. Mama mmoja wa Kikisi, aliyekuwa akitokea sokoni, alikichukua mkononi mwangu, akapitisha kidole upande wa ndani na wa nje. "Hapana, baba. Hiki ni chungu cha kupikia, lakini hakikuwahi kuonja moto wa jikoni, hakina masizi wala mafuta. Kilivunjika mtumbwini, wakakitupa." Akaturudishia akaenda zake. Hakuna mtaalamu wa mambo ya kale ambaye angefanya zaidi: alitazama kitu, akatafuta alama iliyopo na isiyokuwapo, akatoa hukumu. Wanafunzi walimtazama mama yule kwa heshima ambayo sidhani kama walinipa mimi.

Sasa nirudi kwenye masikitiko niliyoyaacha njiani.

Ng'ambo ya mto Songwe, Karonga, ndugu zetu wa Malawi wana kituo cha makumbusho kilichofunguliwa mwaka 2004. Mifupa ya mjusi mkubwa iliyookotwa upande huo katika miaka ya 1920 iliandikiwa maelezo mwaka 1928, na mwaka 1993 mnyama huyo akapewa jina la Malawisaurus. Nakala ya mifupa yake imesimamishwa ndani ya jengo hilo, na watoto wa shule huja kuitazama. Pale Uraha, katika wilaya hiyo hiyo ya Karonga, mwaka 1991 kundi la watafiti lililoongozwa na Friedemann Schrenk na Timothy Bromage lilipata taya la mtu wa kale aliyeishi zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Bonde ni moja na ziwa ni moja, maana mto Songwe ni mpaka wa nchi wala si mpaka wa miamba. Kwa nini basi mtoto wa Karonga ajue na mtoto wa Kyela asijue?

Wala haiwezi kusemwa kwamba Tanzania haina cha kuonyesha. Kaskazini-magharibi ya hapo, katika bonde la Rukwa, ambako kuna mto mwingine unaoitwa Songwe (na majina haya mawili yamewachanganya watahiniwa wengi), watafiti wamekuwa wakifanya kazi tangu mwanzoni mwa karne hii. Wamepata mijusi mikubwa waliyoiita Rukwatitan mwaka 2014, Shingopana mwaka 2017 na Mnyamawamtuka mwaka 2019. Someni majina hayo polepole. Shingo pana, mnyama wa mto Mtuka. Huyu wa tatu jina lake la pili ni moyowamkia, kwa sababu mfupa mmoja wa mkia wake una umbo la moyo. Katika bonde la Ruhuhu yuko Asilisaurus kongwe, wa mwaka 2010. Mwaka huo huo alitangazwa mamba mdogo mwenye meno kama ya paka, akaitwa Pakasuchus kapilimai, kwa heshima ya hayati Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Profesa wa Marekani au Australia analazimika kutamka Kiswahili anapowataja wanyama hao mbele ya wenzake, na mwanafunzi wetu, ambaye Kiswahili ni lugha yake, hajapata kuyasikia. Nimeyauliza majina hayo kwa walimu kumi na mmoja. Mmoja alimjua Rukwatitan, akidhani ni timu ya mpira.

Tunamjua sote mjusi wa Tendaguru, kwa sababu ya uchungu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, mkoani Lindi, na mifupa ya uzito wa zaidi ya tani 200 ilibebwa na wananchi wetu, mingi vichwani na mabegani, mpaka bandarini. Mjusi mmoja amesimama Berlin tangu mwaka 1937, kimo chake zaidi ya mita 13. Ni haki kudai, na madai hayo yamefika mpaka bungeni. Lakini nani kati yetu anamfundisha mtoto jina la Boheti bin Amrani, Mwafrika aliyekuwa msimamizi hodari wa uchimbaji ule, akaitwa tena kazini Waingereza walipochimba Tendaguru baada ya vita, na ambaye jina lake lilipewa mjusi mwingine mwaka 2007? Tumekuwa hodari wa kukumbuka kilichochukuliwa, na wavivu wa kuandika kilichopo. Hata jiwe langu halikuporwa na mkoloni. Nililitoa mwenyewe, nchi ikiwa huru, kwa kalamu mbili.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayalinda mabaki ya wanyama na mimea yaliyogeuka mawe, inakataza kuchimbua bila leseni, na inamtaka anayegundua atoe taarifa. Lakini mwananchi wa kijijini atatoa taarifa kwa nani, iwapo karani wa ofisi naye atamwuliza kama ni dhahabu?

Ninachokipendekeza hakihitaji fungu kubwa la fedha. Kila shule ya sekondari iliyo kando ya ziwa na chini ya vilima vile iwe na daftari moja gumu la mawe. Kinachoonekana kiachwe mahali pake, kichorwe, na kama simu ya mwalimu ipo kipigwe picha, na yaandikwe mambo manne: siku, mahali hasa, tabaka, na jina la aliyekiona. Nakala ipelekwe kila mwaka kwa Afisa Utamaduni wa wilaya, naye awe na wajibu wa kuifikisha Idara ya Mambo ya Kale na Makumbusho ya Taifa. Ofisi ya elimu nayo iombe nakala za plasta za mifupa ya Rukwa na Ruhuhu, hata tatu tu, ziwekwe kwenye kabati la kioo katika kituo cha walimu. Kabati litengenezwe na fundi wa Kyela.

Najua yatakayosemwa. Watasema mitihani imebana. Nami nasema mtoto aliyeona matabaka ya kijito hatakariri tena mpangilio wa miamba. Watasema mawe hayaliwi, na hilo siwezi kulipinga. Kuna pingamizi moja lenye uzito, nalo ni la mwalimu yule kijana mwenyewe: tukiandika mahali, hatuwaonyeshi njia wafanya magendo? Nimelifikiri sana. Naona daftari likae katika sanduku la mwalimu mkuu, lisibandikwe ubaoni, na picha zisisambazwe ovyo. Lakini hatari ya mwizi mmoja ni ndogo kuliko ile ya watu wote kutokujua, maana asiyejua anamkabidhi mwizi mwenyewe, tena kwa tabasamu. Mimi ni shahidi. Nyoka, kingo zinazoporomoka na mashimo ya zamani ya makaa ni hatari za kweli pia, na hakuna mwanafunzi anayepaswa kufika huko bila mkubwa na bila idhini ya wenye eneo.

Tulirudi Kyela usiku. Ndani ya basi, kwa mwanga wa simu, binti yule mkimya alikuwa akimalizia daftari lake. Nilimwomba ruhusa nilinakili ukurasa, na mwalimu akakubali, kwa sharti nilifute jina la kijito. Aliandika hivi: "Jumamosi, saa nne asubuhi. Jani moja, refu kama mkono wangu mpaka kifundo. Ukingo wa kushoto ukitazama maji yanakokwenda, chini ya utepe mweusi, hatua kumi na nane kutoka kwenye mwembe. Aliyetuonyesha mahali ni mzee mwenye shamba. Tumeligeuza uso chini ili mvua isilifute. Lipo."